Vifaranga wa umri tofauti kwenye kundi la uani: uchague kuku mlezi, wavu wa kati, au mitetea waliokwisha kukua?

Mwenye kuku wanane au kumi uani, awe Tabata, Kimara au Mbagala, anapotaka kuongeza kundi huanza na bei. Kifaranga wa siku moja ndiye wa bei nafuu, wa mwezi mmoja amepanda kidogo, na mtetea anayekaribia kutaga ni ghali. Hesabu hiyo ni ya kweli, ila ni nusu. Nusu ya pili ni kitakachotokea siku mgeni atakapokutana na wenyeji, na hapo ndipo kifaranga wa bei nafuu hugeuka kuwa ghali kuliko wote.

Kuku hakaribishi mgeni. Kila kundi lina wakubwa na wadogo wake: nani anakula wa kwanza, nani analala juu kwenye fito, nani anampisha nani mlangoni. Akiingia mpya, mambo yote hayo yanapangwa upya kwa midomo. Kuku wa ukubwa unaolingana hukimbizana siku chache, wakanyofoana manyoya mawili matatu, yakaisha. Kwa kuku wa kilo mbili na kifaranga wa wiki tatu hakuna mpangilio wowote. Kudonolewa kichwani mara mbili kunatosha. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza mgeni wako atakingwa na nini katika hilo pengo la umri. Kinga ziko tatu: mama, wavu, au mwili wake mwenyewe. Njia zote wanazotumia wafugaji wa mjini ni mojawapo ya hizo, na kila moja ina mahali inapofaa na mahali inapoangusha.

Midomo inaonekana, magonjwa hayaonekani

Wengi huogopa ugomvi kwa sababu wanauona kwa macho. Mimi naogopa zaidi kile ambacho kuku mkubwa anakibeba huku akiwa mzima kabisa. Vijidudu vya kuhara damu vipo kwenye kinyesi cha karibu kila kundi linalotembea ardhini. Mkubwa amekwisha kuvizoea, lakini kifaranga, hasa kati ya wiki ya tatu na ya sita, hajavizoea. Joto na unyevu vikikutana, vijidudu hivyo hukomaa ndani ya siku moja au mbili tangu kinyesi kidondoke, na hiyo ndiyo hali ya hewa ya Dar es Salaam wakati wa masika, Machi hadi Mei, maranda yaliyotandikwa bandani yanapoloa na kushindwa kukauka. Kifaranga anajikunyata, manyoya yanasimama, kinyesi kinatoka na damu, na usipowahi dawa kama amproliamu kwenye maji unawapoteza wengi kwa muda mfupi.

Ugonjwa wa Marek, ule unaopoozesha kuku, nao husambaa kwa vumbi la manyoya ya kuku wakubwa, na chanjo yake hutolewa kiwandani siku ya kutotolewa. Hata kifaranga aliyechanjwa anahitaji wiki moja hadi mbili kabla chanjo haijamlinda vizuri. Mafua sugu hukaa ndani ya kuku aliyepona, akayatoa tena siku akipata msukosuko, na kuletewa wageni ni msukosuko tosha.

Hatari hiyo huja pia kutoka nje. Kuku aliyenunuliwa sokoni, kama Shekilango au Kisutu, amelala tenga moja na kuku waliotoka Singida, Dodoma na kwingineko. Anaweza kuonekana mchangamfu leo na kuanza kukoroma keshokutwa. Ukiongeza kundi kutoka sokoni, unachanganya magonjwa ya mikoa mitatu kwenye ua wa hatua kumi.

Kuku mlezi: kinga ya mama

Ukiwa na koo anayeatamia kwelikweli, sijaona bruda (mahali pa kulelea vifaranga kwa joto la balbu au mkaa) inayomfikia. Joto analo, ulinzi anao, anafundisha kula, na kubwa zaidi, anawatambulisha watoto kwa kundi kidogo kidogo tangu mwanzo. Wenzake wanajifunza kwamba ukimgusa kifaranga yule, mama yake anakuja na makucha. Akija kuwaacha, kati ya wiki ya nane na ya kumi kwa kuku wengi wa kienyeji, vifaranga ni watu wa nyumbani tayari. Watakuwa chini kabisa kwenye foleni ya chakula, lakini si wageni.

Sharti ni kwamba awe anaatamia kweli. Kuku aliyekalia kiota tangu jana si mlezi bado. Mlezi hukaa usiku na mchana, hutoka mara moja hivi kwa siku kula na kutoa kinyesi kikubwa chenye harufu kali, kisha hurudi mbio. Ukimgusa anavimba na kukwaruza kwa sauti. Kifuani amenyonyoka. Muache afikishe wiki mbili na zaidi. Akikaribia siku 21 ndipo mwili wake unapongoja watoto.

Vifaranga nao wawe wa siku moja hadi tatu. Kifaranga wa wiki moja aliyekulia chini ya balbu hajui sauti ya koo. Akiitwa anakimbia, na kifaranga anayekimbia koo huhesabiwa kuwa adui.

Wapandikize usiku, giza likiwa limeshika. Mwanga wa simu uliozibwa kwa kiganja unatosha. Pitisha mkono chini ya kifua chake, toa yai moja, acha kifaranga mmoja. Atatikisika, atainua ubawa kidogo, kisha atajishusha tena. Endelea mmoja baada ya mwingine bila haraka. Muda si mrefu utasikia sauti ya chini, ko-ko-ko ya taratibu, ambayo hakuwa akiitoa alipokuwa na mayai. Ukiisikia hiyo, funga mlango ukalale. Usipoisikia, uwe bandani kabla hakujapambazuka, kwa sababu koo aliyekataa hudonoa mara tu anapoanza kuona. Kuku wa kienyeji wa mwili wa kawaida anafunika kumi hadi kumi na wawili. Kumzidishia ni kuwaacha wa pembeni walale na baridi.

Dar kuna jambo jingine linalompa mama kazi ya ziada, nalo ni kunguru. Hawa wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wakatapakaa huku bara, huwinda vifaranga kwa kushirikiana: mmoja anamvuta koo upande huu, mwenzake anateremka upande ule. Koo jasiri anaokoa wengi lakini si wote. Kwa wiki mbili tatu za kwanza mama na watoto wawe chini ya tenga kubwa au kwenye kizimba kilichofunikwa juu kwa wavu, hata kama ua una ukuta mrefu.

Udhaifu wa njia hii ni mmoja, na ni mkubwa: koo haagizwi. Machotara kama Kuroiler na Sasso, na kuku wa mayai wa kisasa, ni nadra kuatamia. Usipofuga hata wawili watatu wa kienyeji kwenye kundi lako, njia hii huna. Na ukishanunua vifaranga kwanza ndipo uanze kutafuta mlezi, umekwisha kuchelewa.

Bruda, kisha wavu wa kati

Hii ndiyo njia ya wengi, na ndiyo inayohitaji subira kuliko zote. Vifaranga wanalelewa mbali na wakubwa mpaka waote manyoya kamili, wiki ya tano au ya sita. Wiki ya kwanza joto la chini ya balbu au jiko la mkaa liwe nyuzi 32 hadi 35, kisha lipungue nyuzi tatu hivi kila wiki. Kwa Dar hesabu hiyo inabadilika na majira. Januari mchana hewa yenyewe inafika nyuzi 31 au 32, na kifaranga wa wiki mbili chini ya balbu inayowaka saa sita mchana anatanua mabawa na kuhema mdomo wazi; mzimie balbu. Julai usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 19, na hapo balbu au jiko linahitajika hata wiki ya nne. Ukitumia mkaa, moshi uwe na pa kutokea.

Baada ya manyoya kuota, usiwaingize bandani. Waweke ndani ya banda au pembeni mwake, nyuma ya wavu. Kata robo au theluthi ya eneo, simamisha fremu ya mbao yenye waya wa matundu madogo. Waya wa matundu makubwa unaruhusu kifaranga kutoa kichwa, na kichwa kikitoka upande wa pili, mwenyeji hakiachi. Pande zote mbili ziwe na chakula na maji yao. Vyombo vya chakula viweke karibu na waya, huku na huku, ili wale wakitazamana.

Siku ya kwanza utaona kazi ya wavu huo. Mkubwa wa kundi anakuja kwa upande, ubawa mmoja umeshuka, manyoya ya shingo yamesimama kama brashi, anaupiga waya kwa mdomo. Vifaranga wote wanarundikana kona ya mbali. Anarudia, anaondoka, anarudi. Baada ya siku kadhaa anakuja kula chakula chake tu. Vifaranga nao wanasogea hatua kwa hatua, mpaka ukute mmoja amejilaza kwenye vumbi, mgongo umegusa waya, na mkubwa amejilaza upande wa pili. Ukiona hivyo, usiwafungue siku hiyohiyo. Wape wiki mbili kamili nyuma ya wavu.

Kisha fungua kitundu. Kiwe cha ukubwa ambao mdogo anapita na mkubwa hapiti, ili mdogo akifukuzwa awe na kwao pa kukimbilia. Hili ni bora kuliko kuondoa wavu wote kwa mara moja, na sijui kwa nini halifanywi na wengi zaidi, maana halina gharama. Waachie kwanza jioni, saa moja hivi kabla ya kulala, wakubwa wakiwa wameshiba na wakiwaza kupanda fito. Weka mahali pa kujificha: ubao ulioegemezwa ukutani, kreti za soda zilizogeuzwa. Kila maficho yawe na njia mbili, kwa sababu maficho yenye mlango mmoja ni mtego.

Umri wa kufungua kitundu hicho ndio wenye mabishano mengi. Wiki ya nane ni mapema ila inawezekana kwa Kuroiler na Sasso, ambao wamekwisha kuwa na miili. Kwa wa kienyeji, wiki ya kumi hadi ya kumi na mbili ndiyo naiamini. Na usifungulie mmoja peke yake. Wageni watatu wanagawana adha, ila mmoja anabeba ya wote.

Nafasi nayo inaamua sana. Banda linalotosha kuku watano kwa mita moja ya mraba wakiwa wamezoeana halitoshi wakati wa kuchanganya. Kila mmoja kwenye fito apate sentimita 20 hadi 25, na vyombo vya chakula viwe zaidi ya kimoja, vimetawanywa, ili jeuri mmoja asivilinde vyote.

Mitetea waliokua: kinga ya mwili

Hapa unanunua wa miezi mitatu hadi minne na kuwaingiza wakiwa na ukubwa wa kujitetea. Hakuna bruda, hakuna balbu, hakuna hofu ya umeme kukatika usiku wa manane. Kwa mtu anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi saa mbili usiku, hii inavutia, nami naielewa.

Lakini kinga ya mwili ni dhidi ya midomo tu. Kwa magonjwa, hii ndiyo njia ya hatari kuliko zote tatu, kwa sababu mtetea wa miezi mitatu ameishi kwa mtu mwingine miezi mitatu. Uliza alichanjwa nini na lini. Muuzaji mwenye kumbukumbu za chanjo zilizoandikwa anastahili bei ya juu kidogo. Kisha karantini, wiki mbili kwa uchache na mwezi mmoja ukiweza, mbali na kundi lako kadiri ua unavyoruhusu. Wahudumie wao mwisho kila siku, baada ya kuku wako, na ndala za kuingilia kwao ziwe tofauti. Wengi hulipuuza hili kwa kuwa ua ni mdogo. Hata kona ya nyuma ya nyumba, upande unakoelekea upepo, ni bora kuliko kuwafungulia siku ya kuwaleta.

Kuna ushauri maarufu mtaani: waingize usiku, asubuhi wataamka wamezoeana. Usiku unasaidia kweli kwa jambo moja, kwamba kuku haoni vizuri gizani na hagombani. Asubuhi macho yanafunguka na wanatambua vizuri nani hakuwepo jana. Kwa mitetea wenye miili inayokaribiana na wenyeji, ambao wamekwisha kuonana kwenye wavu walau wiki moja, kuingiza usiku kunapunguza makali ya saa za kwanza. Kwa vifaranga, usiku peke yake haukingi kitu.

Waingize kabla hawajaanza kutaga. Mtetea akihamishwa akiwa anataga anaweza kusimama kabisa kwa wiki kadhaa. Na kama una jogoo mzito, angalia mgongo wa mitetea wadogo. Anayepandwa kabla hajakomaa anachanika. Kundi lenye kuchi, kuku wale wa kupigana, ni jambo lingine: ukali wao si wa siku chache, na mimi nisingemchanganya mgeni wa umri wowote na kuchi kwenye banda dogo.

| | Kuku mlezi | Bruda kisha wavu | Mitetea |
|---|---|---|---|
| Umri wa kuanzia | Siku 1 hadi 3 | Siku 1, waachiwe wiki ya 8 hadi 12 | Wiki ya 12 hadi 16 |
| Kazi yako | Usiku mmoja, kisha ulinzi | Miezi miwili hadi mitatu | Wiki 2 hadi 4 za karantini |
| Pesa inakwenda wapi | Tenga na wavu wa juu | Joto, chakula, waya na mbao | Bei ya kununulia |
| Kinachoangusha | Koo hapatikani. Kunguru | Haraka | Magonjwa ya kuletwa |

Kuna njia ya nne, ya kutochanganya kabisa: kundi moja liingie pamoja, litoke pamoja, banda lisafishwe na kupumzishwa. Wataalamu wa mifugo huisisitiza, na kwa mwenye kuku mia mbili wa biashara wako sahihi. Kwa kundi la uani ambalo kuku wake wanazeeka kwa zamu na mayai yanatakiwa mwaka mzima, ni wachache wanaoweza kuishi nayo.

Vifaranga wa umri tofauti wao kwa wao

Mtu ananunua vifaranga ishirini, baada ya siku chache anapata wengine kumi wa bei nzuri, anawatia bruda moja. Pengo lisilozidi wiki moja linavumilika ukiwatazama kwa karibu. Pengo likifika wiki mbili, usiwachanganye. Wa wiki tatu anataka kupoa wakati wa siku moja anataka nyuzi 33, kwa hiyo ukimridhisha mmoja unamtesa mwingine, na kwa joto la Dar anayeteseka haraka ni mkubwa. Akiteswa na joto anaanza kudonoa, na aliye karibu ni yule mdogo, vidole na mkia. Damu ikionekana wote wanaifuata. Ondoa aliyejeruhiwa mara moja, mpake dawa ya vidonda ya zambarau ili wekundu usionekane, na asirudi mpaka apone.

Hapo hapo kuna kuhara damu. Wa wiki tatu ameanza kutoa vijidudu kwenye kinyesi. Wa siku moja anakanyaga na kula humo humo. Bruda mbili ndogo, hata za maboksi na balbu mbili, ni afadhali kuliko moja kubwa. Wakutane baadaye, wote wakiwa na manyoya, kwa wavu uleule wa kati. Pengo la wiki tatu kati ya wa wiki saba na wa wiki kumi si kitu tena.

Chakula cha kundi lenye umri tatu

Hili huharibu kimya, na linahusu njia zote. Chakula cha kutagia kina kalsiamu (madini yaliyomo kwenye chokaa) ya asilimia 3.5 hadi 4, wakati kifaranga anahitaji asilimia 1 hivi. Kifaranga akikila kwa wiki nyingi figo zake zinaharibika, na hutaona kitu mpaka aanze kudhoofu bila sababu. Mkubwa kwa upande wake akila chakula cha vifaranga hapati madhara makubwa, ila maganda ya mayai yanakuwa laini. Kwa hiyo kundi likishachanganyika, wape wote chakula cha kukuzia, na wanaotaga wawekee chokaa au maganda ya baharini yaliyopondwa kwenye chombo chake. Anayehitaji hula mwenyewe; vifaranga hudonoa mara moja mbili wakaachana nayo. Ukitaka kuendelea na chakula cha kutagia, kining'inize kwenye usawa wa mgongo wa mkubwa ili mdogo asikifikie.

Soma mfuko wa chakula cha vifaranga. Baadhi vina dawa ya kuhara damu ndani yake, na mayai ya kuku anayekula humo yana masharti yake kabla ya kuliwa.

Kalenda ya chanjo na siku ya kuchanganya

Ratiba ya kawaida ya vifaranga ni mdondo (kideri) siku ya 7, Gumboro (ugonjwa unaodhoofisha kinga ya vifaranga) siku ya 14, mdondo tena siku ya 21, Gumboro tena siku ya 28, na ndui kati ya wiki ya 6 na ya 8. Mtaalamu wa kata yako anaweza kuisogeza kidogo. Ukiitazama vizuri, utaona inakwenda sambamba na njia ya wavu: kifaranga anamaliza chanjo ya ndui akiwa nyuma ya waya, anapewa wiki mbili za kujenga kinga, na anafika wiki ya nane hadi ya kumi akiwa tayari kwa kitundu. Kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuipendelea njia hii kwa vifaranga wa kununua. Ukiwafungua kabla ya chanjo kukaa, wavu umefanya kazi nusu.

Kwa njia ya kuku mlezi kalenda inageuka. Kifaranga yuko chini ya mkubwa tangu usiku wa kwanza, kwa hiyo kinga ianzie kwa kundi: chanja wakubwa wote mdondo wiki mbili kabla ya vifaranga kuja. Chanjo ya I-2, hii ya tone la jicho inayotengenezwa hapa nchini, inarahisisha kundi la umri tofauti kwa sababu tone ni moja kwa kuku wa umri wowote na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Andika tarehe ukutani bandani kwa chaki. Kundi lenye umri tatu bila tarehe iliyoandikwa huwa na kuku ambaye kila mtu anadhani alichanjwa.

Sasa uchague

Ua mwembamba wa Sinza au Kijitonyama, kuku watano, jirani yuko ukutani: chukua mitetea watatu au wanne wenye kumbukumbu za chanjo, hata kama ni ghali. Bruda miezi miwili kwenye ua wa namna hiyo ni vumbi na harufu, na hakuna mahali pa wavu wa maana. Ukikosa pa kuwaweka karantini, subiri wenyeji wapungue kwanza.

Eneo la Chanika, Goba au Kigamboni, pana nafasi na kuna wa kienyeji kundini: panga na koo. Ukimwona ameanza kukalia kiota, hesabu siku, na agiza vifaranga wa siku moja wafike wakati wake, si wakati wa muuzaji. Wale wa ziada, zaidi ya kumi na wawili, waende bruda na baadaye wavu.

Ukitaka Kuroiler au Sasso ishirini na zaidi kuongezea kundi lililopo, ni bruda na wavu, na anza kwa kununua waya na mbao kabla ya vifaranga. Kama tarehe iko mkononi mwako, waingie Juni, masika yakiwa yameisha: usiku utawasha joto zaidi, lakini maranda yatakuwa makavu katika zile wiki za tatu hadi sita ambazo kuhara damu huua, na watafunguliwa Agosti au Septemba kabla ya mvua za vuli na mbu wake wanaosambaza ndui.

Na ukiwa na koo bandani huku umeletewa zawadi ya vifaranga wa mwezi mmoja kutoka kwa shangazi Morogoro, usimjaribu koo nao hata usiku. Wa mwezi mmoja wawekwe karantini, kisha nyuma ya wavu. Koo atafutiwe wa siku moja, au aachwe na mayai yake.